Juisi ya sigara ya kielektroniki ikipata moto inageuka nini?

Swali: Nilivuta sigara kwa miaka kumi na moja. Tangu mwaka jana nimehamia kwenye sigara ya kielektroniki, na sijagusa tumbaku tena. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba juisi yake ina vitu vinne tu, vyote vya kwenye chakula na dawa. Kaka yangu naye anasema vitu hivyo vikipashwa moto vinatoa fomalini, ile ya kuhifadhia maiti. Nimsikilize nani? Siku nyingine nikivuta napata ladha ya kuungua inayokwaruza koo. Je, koili ya namna hiyo inaoshwa? Na nikijichanganyia juisi mwenyewe kwa vanila ya jikoni, si itakuwa salama zaidi kwa kuwa nitajua nilichoweka?

Jibu: Ndugu yangu, muuzaji amekueleza habari za chupa, kaka yako amekueleza habari za moto, na kila mmoja ameishia hapo. Wewe huivuti chupa. Unachovuta kinazaliwa papo hapo unapobonyeza kitufe, juu ya koili, yaani waya mwembamba wenye utambi wa pamba. Kinaweza kufanana sana na kilichomo kwenye chupa, au kikawa kitu kingine kabisa. Inategemea waya umepata joto kiasi gani, utambi umelowa kiasi gani, na nani alitia nini kwenye hiyo juisi.

Nianze na hoja ya muuzaji, maana nimeisikia mara nyingi na bado inaniudhi. Vitu vyake vinne ni propilini glikoli, gliserini, nikotini na "ladha". Viwili vya kwanza ndivyo vinavyojaza karibu chupa nzima, na ni kweli vimo kwenye dawa za kumeza, dawa za meno, vipodozi na vyakula. Ukimeza propilini glikoli, ini huigeuza kuwa asidi ya laktiki, ileile inayotengenezwa na misuli ukikimbia. Gliserini nayo huingia kwenye njia ya sukari. Hakuna ubishi hapo.

Lakini kibali cha chakula ni kibali cha kumeza. Tumbo limefunikwa ute mzito, limezoea asidi, na karibu kila kinachotoka huko hupitia kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Mapafu hayana mlinzi wa namna hiyo. Vifuko vyake vya hewa vikitandazwa ni makumi ya mita za mraba, na utando unaotenganisha hewa na damu kwa sehemu kubwa haufiki hata unene wa elfu moja ya milimita. Kinachovuka pale huingia kwenye damu inayokwenda moyoni na kusukumwa mwili mzima, ubongo ukiwemo, bila kuonana na ini kwanza. Ndiyo maana nikotini ya kuvutwa hufika kichwani kwa sekunde chache. Hata FEMA, chama cha watengenezaji wa vionjo cha Marekani, ambacho jopo lake la wataalamu ndilo hupima usalama wa vionjo vya chakula, kimetamka wazi kwamba tathmini zake ni za chakula na haziruhusu mtu kudai kwamba kionjo ni salama kwenye sigara ya kielektroniki. Mwenye mali mwenyewe amekana, ila muuzaji bado anaitumia hati yake.

Tofauti hii ya kumeza na kuvuta ilijulikana kwa gharama kubwa. Mwaka 2000, katika jimbo la Missouri, watu wanane waliowahi kufanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha bisi za maikrowevu waligundulika kuwa na ugonjwa mbaya wa mapafu, ule ambao makovu huziba vijia vidogo vya hewa na hayafunguki tena. Wachunguzi wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, waliufuatilia hadi kwenye mapipa ya kuchanganyia kionjo cha siagi, yaliyokuwa yakipashwa moto na kutoa mvuke. Ndani ya mvuke huo kulikuwa na diasetili, kemikali ambayo imo kwa asili hata kwenye siagi yenyewe. Waliokula bisi hizo hawakupata ugonjwa kwa kuzila. Waliouvuta mvuke siku nenda siku rudi ndio walioharibika. Miaka 15 baadaye watafiti wa Harvard walipima juisi na vifaa vya ladha 51 tofauti na kukuta diasetili kwenye 39. Uingereza imeipiga marufuku kwenye juisi. Niwe mkweli kwa pande zote, moshi wa tumbaku nao una diasetili, tena kwa wingi zaidi. Lakini huwezi kuliita jambo salama kwa sababu tu moshi wa sigara ni mbaya kuliko hilo.

Sasa twende kwenye moto wa kaka yako.

Propilini glikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, nikotini kwenye 247, gliserini kwenye 290. Kimiminika kinapochemka hula joto. Weka sufuria ya maji jikoni, ongeza moto utakavyo: maji yakiwemo, kitako chake hakitapanda mbali sana na nyuzi 100, kwa kuwa joto linatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Maji yakikauka, dakika chache tu sufuria imebadilika rangi. Koili inafuata sheria hiyohiyo. Utambi ukiwa umelowa vizuri, juisi inaipoza koili kwa kuchemka, na vipimo vya maabara huonyesha joto la nyuzi mia na kitu hadi mia tatu na ushee. Utambi ukikauka, waya uleule kwa umeme uleule hupanda kwa kasi, na kwa wati nyingi umepimwa ukikaribia nyuzi 1000.

Katikati ya hali hizo mbili ndipo kemia inapoharibika. Molekuli ya gliserini ikizidiwa na joto hupoteza maji na kuwa akrolini. Tayari unaijua kwa pua: ni ule ukali wa mafuta ya kupikia yaliyosahauliwa kwenye kikaango hadi yakaanza kutoa moshi, unaochoma macho na kubana koo. Propilini glikoli na gliserini zikikatika vipande mbele ya oksijeni hutoa pia asetaldehaidi na fomaldehaidi. Fomaldehaidi iliyoyeyushwa kwenye maji ndiyo fomalini, kwa hiyo kaka yako hakutunga. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka fomaldehaidi katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Alichoacha kaka yako ni kiasi, na kuhusu kiasi wanasayansi wenyewe waligombana hadharani. Mwanzoni mwa 2015 wakemia wa Chuo Kikuu cha Portland State walichapisha barua fupi katika jarida la tiba. Walivutisha kifaa kwa mashine. Kwenye volti 3.3 hawakuona dalili za fomaldehaidi. Kwenye volti 5 waliziona, tena nyingi. Magazeti yaliripoti zaidi sehemu ya pili. Mwaka huohuo Konstantinos Farsalinos, daktari wa moyo wa Ugiriki, na wenzake wakafanya jambo ambalo maabara nyingi hazikuwa zimelifikiria: waliwapa watumiaji wazoefu vifaa wavute wao, na kuwauliza ni wakati gani wanaonja kuungua. Aldehaidi, yaani fomaldehaidi na jamaa zake, ziliruka makumi ya mara na zaidi, lakini kwenye mipangilio ileile ambayo wavutaji walikuwa tayari wanakunja uso na kukataa kuendelea. Mashine haina ulimi. Itavuta utambi mkavu siku nzima bila kulalamika.

Mimi nasimama wapi? Naona Farsalinos alikuwa na hoja juu ya mashine, lakini walioishika hoja hiyo kama ngao wanauamini ulimi kupita kiasi. Fomaldehaidi haingoji ladha ya kuungua ndipo ianze kuzaliwa. Kidogo chake kimo hata kwenye mvuto wa kawaida, na huongezeka kadiri joto linavyopanda. Ulimi unashtuka mwisho wa mteremko. Juisi tamu yenye kionjo kizito huchelewesha mshtuko huo, na mtu mwenye haraka ya nikotini huvumilia ladha mbaya kuliko anavyokiri. Wewe mwenyewe umeniandikia "siku nyingine", maana yake imetokea zaidi ya mara moja na bado uliendelea kuvuta. Ladha ile inayokukwaruza koo ichukulie kuwa ndiyo fomalini ya kaka yako, pamoja na ile akrolini ya kikaango.

Chanzo chake mara nyingi ni hesabu ya umeme ambayo hakuna aliyekufanyia. Betri moja ya kawaida ya kifaa hiki hutoa kama volti 3.7. Kwenye koili ya omu 1.8 (omu ni kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme) hiyo ni wati 7 na nusu hivi. Weka koili ya omu 0.5 kwenye betri hiyohiyo, zimekuwa 27. Omu 0.15, zinapita 90. Koili kubwa ina waya mwingi na mashimo mapana ya kupitishia juisi, kwa hiyo wati zilezile zinazopita kwake bila shida zitaichoma koili ndogo. Ndiyo sababu kwenye koili nyingi mtengenezaji huchapa kiwango cha wati, tuseme kutoka 12 hadi 18. Kiheshimu, na uanzie chini. Gliserini nayo ni nzito, inapanda polepole kwenye utambi. Ukitia juisi yenye gliserini nyingi kwenye koili yenye matundu madogo, au ukivuta mfululizo bila kupumzisha, utambi hukauka hata kama tangi limejaa.

Vionjo ni mlango mwingine, na kwa ile vanila yako hapa tukae kidogo.

Ladha ya vanila ni vanilini, ya mdalasini ni sinamaldehaidi, ya cheri na lozi ni benzaldehaidi. Zote tatu ni aldehaidi hata kabla ya moto. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Yale na Duke walionyesha kwamba vionjo vya aina hii hushikana na propilini glikoli ndani ya chupa yenyewe, kwenye joto la kawaida la chumba, na kuunda misombo mipya iitwayo asetali. Misombo hiyo haikuwekwa na mtu, kwa hiyo huikuti kwenye orodha ya vilivyomo. Baadhi yake huamsha vipokezi vya mishipa ya fahamu vinavyotoa hisia ya kuwashwa na kukohoa, kwa nguvu kuliko kionjo chenyewe. Sinamaldehaidi kwa upande wake, katika majaribio ya maabara, hupunguza kasi ya vile vinyweleo vinavyofagia makohozi kutoka kwenye njia za hewa. Kama ningelazimika kutaja kionjo kimoja cha kuepukwa kuliko vingine, ningetaja mdalasini.

Vanila ya jikoni ni mbaya kuliko vanilini tupu. Nyingi huwa na sukari, karameli na pombe. Nyingine zimetengenezwa kwa mafuta. Sukari kwenye koili hufanya kama kwenye kikaango, inakuwa kahawia, inakuwa nyeusi, inaganda, na njiani hutoa furfurali, aldehaidi nyingine, na jamaa zake. Sukralosi, utamu bandia unaopendwa na watengeneza juisi, haiokoi jambo: ina klorini ndani yake, na ikipata moto kwenye juisi hutoa misombo ya klorini na kuongeza aldehaidi za glikoli na gliserini. Ukiona koili zako zinaganda weusi ndani ya siku chache, huenda juisi ni tamu kupita kiasi.

Mafuta usiyajaribu kabisa. Iwe mafuta ya kula, mafuta ya kunukia, au kionjo chochote kinachoelea juu ya maji badala ya kuyeyuka. Mapafu hayana namna ya kuyasaga mafuta. Chembe za ulinzi huyameza, zikajaa, na uvimbe ukafuata. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na wimbi la watu, wengi wao vijana, waliofika hospitalini wakishindwa kupumua baada ya kuvuta vifaa vya kielektroniki. Hadi tarehe 18 Februari 2020 wagonjwa walioripotiwa walikuwa 2,807, na 68 walikuwa wamekufa. Wengi walikuwa wamevuta mafuta ya bangi ya mitaani yaliyoongezwa asetati ya vitamini E ili yaonekane mazito na ya thamani. Majimaji yaliyotolewa kwenye mapafu ya wagonjwa 51 yalipopimwa, 48 walikuwa na asetati hiyo. Kwa watu 99 wenye afya waliolinganishwa nao, hakuna hata mmoja. Vitamini E hiyohiyo watu huimeza kwa vidonge na kuipaka usoni bila shida. Wakemia wa Ireland walionyesha mwaka 2020 kwamba asetati yake ikichomwa inaweza kutoa keteni, gesi yenye sumu kali kwa mapafu. Ungemuuliza muuzaji wa mafuta yale kabla ya 2019, naye angekujibu kama wako: ni vitamini tu.

Kwa hiyo swali lako la kujichanganyia nalijibu hapana. Kujua ulichoweka hakukupi habari ya kitakachotokea kwenye waya. Zaidi ya hapo, nikotini kali ya kuchanganyia hupenya ngozini, na chupa yake ndogo nyumbani kwenye watoto ni hatari ambayo haihitaji moto.

Metali nitazitaja kwa ufupi. Waya wa koili huwa na kromi, nikeli au chuma, na viungio vyake vinaweza kuwa na risasi. Watafiti wa Johns Hopkins waliochukua juisi ya watumiaji 56 walikuta metali chache kwenye chupa, na zaidi sana kwenye ukungu uliotoka baada ya kupita kwenye koili. Ni sababu nyingine ya kutokubakiza koili kongwe.

Baada ya yote hayo unaweza kujiuliza kama ulikosea kuacha sigara. Hukukosea. Ncha ya sigara unapoivuta hufika kama nyuzi 900, majani yanaungua kweli, na moshi wake una maelfu ya kemikali pamoja na hewa ya ukaa yenye sumu, kaboni monoksaidi, ambayo koili yenye utambi uliolowa haitoi kwa kiwango cha kulinganishwa. Akademia za Sayansi za Marekani zilipopitia ushahidi mwaka 2018 zilikubali kwamba mvutaji anayehama kabisa hupunguza sumu nyingi zinazomwingia. Neno "kabisa" lina uzito hapo; anayevuta hiki asubuhi na kile jioni anajipa vyote viwili. Na faraja hii ni ya aliyekuwa mvutaji. Mtu ambaye hakuwahi kuvuta hana sigara ya kulinganisha nayo. Analinganisha na hewa. Kifaa chenyewe, kama tunavyokijua leo, kilibuniwa na Hon Lik wa China mwaka 2003, na saratani ya mapafu huchukua miongo kujitokeza. Ningekuwa wewe, ningekichukulia kama daraja la kutokea na kupanga siku ya kulimaliza, nikipunguza nikotini hatua kwa hatua bila kuongeza wati. Wengi hupunguza nikotini kisha wakapandisha moto na kuvuta zaidi ili kufidia, na hapo wanapata aldehaidi nyingi kwa nikotini ileile.

Mpaka siku hiyo ifike, chukua juisi yenye viungo vichache, isiyo tamu sana, ya mtengenezaji anayetaja kila kilichomo na aliyepima diasetili. Usimalize tangi hadi tone la mwisho. Jaza likiwa bado na robo. Pumzisha kifaa sekunde kadhaa kati ya mvuto na mvuto. Ukipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kikohozi kinachoambatana na homa, acha kuvuta, nenda kwa daktari, na umwambie bila kuficha ulichokuwa ukivuta, maana picha ya mapafu yako inaweza kudhaniwa kuwa ya nimonia ya kawaida.

Na koili iliyoungua haioshwi. Maji yataondoa juisi iliyoganda juu, ila pamba iliyokuwa mkaa haitarudi kuwa pamba, na itaungua haraka zaidi mara ya pili. Itupe. Ile mpya idondoshee matone machache ya juisi moja kwa moja kwenye pamba, jaza tangi, subiri dakika kumi, kisha anza na wati za chini kabisa zilizoandikwa ubavuni mwake. Mvuto wa kwanza ukileta ule ukali tena, usijaribu wa pili: ama utambi bado haujalowa, ama juisi yako ni nzito kuliko mashimo ya koili hiyo.